Fyuzi ya Mwisho

Pikipiki ilizimika ghafla, bila kukohoa wala kutetemeka, katikati ya nyika ya mawe ambapo hapakuwa na nyumba, mti wa maana wala mtu wa kumpungia mkono. Fundi alikuwa kwenye mwendo mkali. Alihisi injini imekata, akainamisha macho kutazama taa za usukani, akakuta zote zimekufa. Kule kutazama chini ndiko kulikomponza. Gurudumu la mbele liliingia kwenye mchanga laini, usukani ukamponyoka, na yeye, baba mkwe wake na pikipiki yenyewe wakaenda chini kwa kishindo.

Aliinuka akitema vumbi. Kiwiko kimechunika, sikio moja linavuma, lakini viungo vyote viko mahali pake.

"Baba! Baba, uko wapi?"

"Nipo, mama. Ni mguu tu."

Huo mguu "tu" ulikuwa umelaliwa na keria. Fundi aliishika pikipiki, akaiinua kwa nguvu ambazo hakujua kama anazo, akauona mguu wenyewe. Ulikuwa umepinda chini ya goti, mahali ambapo mguu wa mtu haupindi. Damu haikuwa nyingi. Mzee alikunja uso na kutazama juu kama mtu anayengoja zamu yake kwa kinyozi.

Hapo Fundi akasikia glu, glu, glu. Dumu la maji la lita tano lilikuwa limepasuka ubavuni na mchanga unakunywa bila aibu. Alilirukia, akaligeuza upande uliopasuka juu, akalikumbatia. Yalibaki maji kama lita moja na nusu. Ilikuwa saa nne asubuhi, jua limeshaanza kuuma, na kutoka pale hadi barabara ya lami ni kilomita arobaini na tano.

Sasa hebu tuwafahamu hawa watu kabla hawajatufia mikononi. Mwanamke huyu majirani walimwita Fundi Sebuleni, wengine kwa heshima na wengine kwa kebehi, kwa sababu karakana yake ilikuwa sebule ya nyumba yake. Ukienda kumtembelea ulikaa kwenye kochi kati ya feni iliyokatwa kichwa na pasi iliyofunguliwa tumbo, na chai yako iliwekwa juu ya redio. Pikipiki yake ya kuwapelekea wateja kazi zao aliiingiza ndani kwa mlango wa mbele, akaisimamisha juu ya magazeti, na kwa siku tatu akazitoa waya moja moja, akazifuta, akabadilisha zilizochakaa na kuzifunga upya kwa tepu nyeusi. Mumewe, ambaye kazi ilimweka mbali mwezi mzima, alipiga simu akasema, "Mke wangu, pikipiki si redio. Ipeleke kwa fundi wa kweli." Neno hilo lilimkaa Fundi kooni, halishuki wala halitoki.

Mzee ndiye baba wa huyo mume, seremala mstaafu, aliyehamia kwao miezi miwili iliyopita baada ya kufiwa na mkewe. Yeye na mkwewe waliheshimiana kupita kiasi. Mkwe akiingia sebuleni, mzee anatoka kwenda barazani. Mzee akikohoa barazani, mkwe anapunguza redio. "Shikamoo, Baba." "Marahaba, mama." Basi, mazungumzo ya siku yamekwisha. Hakuna aliyemwuliza mwenzake swali la kumwaibisha, na nyumba ilikwenda vizuri tu kwa mtindo huo. Nyikani ni habari nyingine.

Safari yenyewe ilikuwa ya furaha. Binti wa mzee, aliyeolewa mji wa ng'ambo ya nyika, alikuwa amejifungua mtoto wake wa kwanza. Mzee alimtengenezea mjukuu kitanda kidogo, kazi safi kabisa, akakifungua vipande vipande na kukifunga kwenye keria, kikafunikwa turubai. Kwa barabara kuu safari ilikuwa ya siku nzima kwa kuzunguka. Kwa njia ya nyikani ilikuwa saa tatu, na Fundi alishaipita mara nyingi.

Kwanza mguu. Fundi alichomoa fito nne za kitanda cha mtoto, akapiga magoti kando ya mzee, kisha akasita mikono ikiwa hewani.

"Baba, nisamehe. Itabidi nikuguse."

"Gusa, mama, gusa. Kwani hapa kuna wa kutuona?"

Alichana mtandio wake vipande. Mzee, jasho likimtiririka, alianza kutoa maelekezo ya kiseremala: fito ndefu kwa nje, fupi kwa ndani, kaza juu na kaza chini, palipovunjika usikaze. Fundi alipounyoosha mguu, mzee alitoa ukelele mmoja mrefu uliokwenda mpaka kwenye vilima na kurudi. Kisha akaomba radhi kwa kupiga kelele.

Alimtandazia turubai kutoka kwenye usukani hadi chini, kikapatikana kivuli cha mtu mmoja na nusu. Maji walikubaliana wayanywe kwa kifuniko cha dumu, vifuniko viwili kwa mtu kila saa. Simu haikuwa na mtandao hata chembe.

Ndipo akaifungulia pikipiki ubavu. Fyuzi ilikuwa imeungua, kiwaya chake cha ndani kimekatika na kuacha doa jeusi. Pembeni yake kulikuwa na fyuzi ya akiba. Moja tu.

Fundi makini hatii fyuzi mpya kabla ya kujua ya kwanza imeungua kwa nini. Fundi alilijua hilo kuliko anavyolijua jina lake. Angekuwa sebuleni angeuliza kila mtu ndani ya nyumba nani kagusa nini, lini na kwa bisibisi gani. Lakini huyu ni baba mkwe, na mguu wake uko kwenye fito.

"Baba," alisema akitazama pembeni, ili isionekane kama shtaka, "tangu nimalize kuifunga, hakuna aliyeigusa?"

"Nani aiguse, mama?" mzee alijibu, naye akitazama pembeni.

Swali la heshima likapata jibu la heshima. Fundi aliichomeka fyuzi ya akiba, akageuza ufunguo. Cheche ya buluu ilimweka ndani ya kikasha, kukanuka plastiki, na kila kitu kikawa kimya kama mwanzo.

"Imekwenda?" mzee aliuliza.

"Imekwenda."

"Tunayo nyingine?"

"Hatuna, Baba."

Saa sita aliamua kupanda kilima kilichokuwa upande wa kusini, huenda mtandao ukashika huko juu. Alimwachia mzee maji yote, akanywa vifuniko vyake viwili, akaondoka. Mawe yalikuwa ya moto kiasi kwamba aliyasikia kupitia soli za viatu. Huko juu aliinua simu, akaishusha, akaizungusha, akaisemesha kwa ubaya. Haikumjibu. Alipogeuka kurudi aliona upande wa mashariki ukuta wa vumbi, wa kahawia, umesimama toka ardhini hadi mbinguni, unakuja.

Alishuka mbio. Hakuwa amefika hata nusu ya njia upepo ulipomkumba, ukampiga mchanga usoni, ukamgeuza mara mbili. Alifumbua jicho moja asione hata mkono wake mwenyewe. Alipiga hatua kumi mbele, akahisi anapanda, akajua amepotea mwelekeo. Alikaa chini. Hofu ilimshika sawasawa sasa, hofu ya kweli, si kwa ajili yake tu bali kwa yule mzee aliyelala chini ya turubai asiyeweza hata kutambaa.

Ngo. Ngo. Ngo.

Alitega sikio. Sauti ya chuma kwa chuma ilikuwa inatoka kushoto kwake. Mzee alikuwa anagonga keria kwa spana, pigo moja moja, bila haraka, kama anayepigilia misumari kwenye dari. Fundi alitambaa kwa magoti na viganja kuifuata. Ilipokatika, naye alisimama. Ilipoanza tena, naye akaendelea. Alipolishika turubai kwa vidole, mkono wa mzee ulimkamata kifundo na kumvuta ndani.

"Nilidhani umechoka kugonga," alisema Fundi akikohoa.

"Nilikuwa nabadilisha mkono."

Upepo ulipotulia ilikuwa saa tisa. Njia ilikuwa imefutika. Alama za magurudumu, zile za malori na za kwao wenyewe, hazikuwapo tena, nyika nzima ilikuwa sura moja. Fundi alilichukua dumu ampe mzee maji, akalipima mkononi, akalipima tena.

"Baba, nilipokuwa kule juu ulikunywa?"

"Nilikunywa."

"Vifuniko vingapi?"

"Vyangu vile vile viwili."

Fundi alimtazama midomo. Ilikuwa imepasuka na kugeuka myeupe. Kitu kikamkatika kifuani, miezi miwili ya shikamoo na marahaba ikamtoka yote kwa mkupuo.

"Baba wewe ni muongo! Maji yako pale pale nilipoyaacha! Unataka nikamwambie nini mwanao? Kwamba nimemzika baba yake hapa na maji yalikuwepo? Kunywa! Kunywa nikikuona!"

Mzee alikunywa. Alikunywa vifuniko vinne mfululizo kama mtoto aliyekemewa, macho yamemtoka. Hasira na aibu zilimchanganyikia Fundi, na alipoanza kuomba msamaha mzee alimnyamazisha kwa mkono.

"Nilitaka yakutoshe wewe," alisema. "Wewe ndiye mwenye miguu miwili."

"Basi nikiwa na miguu miwili nitaitumia kukutoa hapa. Unisikilize sasa."

Alirudi kwenye pikipiki. Fyuzi hana, lakini kosa linaweza kutafutwa bila fyuzi. Alifungua taa moja ya indiketa, akatoa balbu, akaisokotea vipande viwili vya waya na kuvichomeka pale fyuzi inapokaa.

"Tazama hii balbu, Baba," alisema, kwa sababu alihitaji mtu wa kuongea naye kuliko alivyohitaji maji. "Ikiwaka kwa nguvu zote, kuna waya mahali fulani imegusa chuma, umeme unavuja. Nitachomoa waya sehemu moja moja. Nikichomoa ile mbovu, balbu itafifia."

Aligeuza ufunguo. Balbu ilimulika, kali, hata chini ya jua lile. Alichomoa waya za taa kubwa ya mbele. Kali vile vile. Akachomoa za honi. Kali. Za indiketa. Kali. Akafuta jasho, akatazama shingo ya usukani, pale waya zote zinapopita kwa pamoja na kusuguana kila unapokata kona. Hapo ndipo waya huchubuka. Kupafungua ni kazi ya saa mbili, kutoa taa, kutoa kikombe chake, kukata tepu yote aliyoifunga mwenyewe kwa siku tatu. Nyuma hakukuwa na sababu ya kuhangaika nako. Nyuma alikufunga kwa mikono yake, na nyuma hakuzunguki wala hakusugui.

Jua lilikuwa limebakiza saa tatu na maji hayakufika lita moja. Akaweka bisibisi kwenye skrubu ya kwanza ya taa ya mbele.

"Mama," mzee aliita.

"Naam, Baba."

"Acha huko mbele."

Fundi aligeuka. Mzee alikuwa anachora mchanga kwa kidole, mistari miwili iliyonyooka.

"Keria ilikuwa inacheza," alisema. "Nikaona kitanda cha mtoto kitatuangukia njiani. Juzi ulipokwenda sokoni nikaongeza skrubu mbili, zikapita kwenye madigadi ya nyuma, pale waya zako zinapopita. Nilitaka tu iwe imara. Asubuhi uliponiuliza, nikaona haya. Mtu mzima na mvi zote hizi, naharibu kazi ya mwenyewe ndani ya nyumba yake, nikiwa mgeni wake."

Fundi alikaa chini. Fyuzi ya mwisho ilikuwa imeungua kwa ajili ya haya. Kilima, tufani, kiu, yote kwa sababu yeye hakuthubutu kuuliza mara mbili na mzee hakuthubutu kujibu mara moja. Alikasirika, na hasira yenyewe ilikuwa ya haki. Lakini alijua vizuri kwamba nusu yake ilikuwa inamhusu yeye mwenyewe.

"Skrubu ndefu kiasi gani?"

Mzee alionyesha kidole cha shahada, kizima, hadi kwenye kifundo cha mwisho.

"Ee Mungu wangu! Baba, si ungeweka na mlango kabisa? Na kitasa?"

Mzee alimtazama ili kujua kama anatukanwa. Kisha mabega yakaanza kumtikisika. Walicheka wote wawili, kicheko kikavu cha makoo yasiyo na mate, mpaka mguu ukamuuma mzee akaomba waache.

Fundi aliinua kiti, akaifikia soketi ya waya za nyuma, akaichomoa. Balbu ilififia hapo hapo, ikabaki na wekundu kidogo.

"Imefifia!" mzee alipaza sauti. "Imefifia, mama, nimeiona!"

Skrubu ya kushoto ilitoka safi. Ya kulia ilitoka na gamba la plastiki nyekundu limenata kwenye meno yake. Ilikuwa imezama katikati ya fungu la waya, na kila tuta waliloruka njiani liliizamisha zaidi. Waya mbili zilikuwa uchi. Fundi alizitenganisha, akakata mpira wa kufungia mizigo vipande vyembamba, akaivisha kila waya peke yake, kisha akazifunga kwa mtandio.

"Na fyuzi?" mzee aliuliza. Alijipapasa mfukoni, akatoa msumari mdogo. "Huu hautoshi pale?"

"Unatosha. Ndiyo ubaya wake. Msumari hauungui, Baba. Nikiwa nimekosea mahali, zitaungua waya zote, na hapo tutaisukuma mpaka tuzeeke."

"Mimi nishazeeka."

"Basi mpaka nikufikie."

Alichuna waya ya ile indiketa, akachomoa nyuzi mbili za shaba, nyembamba kama nywele, akazisokota pamoja na kuzifunga mahali pa fyuzi. Kukiwa na shoti nyingine zitakatika upesi, na pikipiki itabaki nzima. Alizirudisha waya zote alizozichomoa, isipokuwa za taa kubwa na honi, ili nyuzi zile zisibebeshwe mzigo. Alisali kimoyomoyo, akageuza ufunguo. Kitaa cha kijani cha usukani kiliwaka, kikatulia.

Alipiga kiki. Hamna. Akapiga tena, injini ikatoa mchanga na tusi. Mara ya tatu ikashika, ikanguruma, na Fundi akaweka paji la uso juu ya tangi la moto bila kujali.

Kumpandisha mzee kuliwachukua nusu saa na maji yote yaliyobaki isipokuwa mafunda machache. Alimfunga kwake kwa turubai lililokunjwa, kiuno kwa kiuno, mguu wenye fito umenyooshwa pembeni na kukazwa kwenye keria. Kwa upande wa njia, hawakuwa nayo. Walichojua ni kwamba lami iko magharibi.

"Usilifuate jua, litakupeleka kombo," mzee alimwambia sikioni. "Unaona kile kichuguu, na nyuma yake mlima wenye pembe? Viweke kwenye mstari mmoja. Ukikifikia kichuguu nitakupa kingine."

Na ndivyo walivyokwenda. Maisha yake yote yule mzee alikuwa amefumba jicho moja kutazama kama ubao umenyooka, na sasa aliitazama nyika hivyo hivyo. "Kushoto kidogo. Hapo. Shikilia." Fundi alikwepa mchanga, alipita mawe polepole, akashusha miguu pikipiki ilipoyumba, akarudi kwenye mstari. Kila tuta alisikia mzee akivuta pumzi kwa meno. Mara mbili kichwa chake kilimlalia begani, kizito, na Fundi alimwita kwa sauti kuu mpaka akaitika. Mara ya pili alikawia kuitika.

"Baba, nipe mstari!"

Alimsukuma kwa mgongo.

"Baba! Nimepotea, nipe mstari!"

"Hujapotea," sauti ilitoka chini kabisa. "Lile jiwe jeusi. Na nguzo."

"Nguzo gani?"

"Nguzo, mama. Nguzo ya umeme. Zipo nyingi."

Zilikuwa nyingi kweli, zimejipanga pembezoni mwa barabara ya lami, na lori moja lilikuwa linapita taratibu na mzigo wake wa mbao. Fundi hakuwa na honi. Alisimamisha pikipiki katikati ya barabara, akainua mikono yote miwili, na dereva akafunga breki, akashuka na chupa ya maji kabla hata hajauliza kitu.

Kituo cha afya dereva alikowapeleka kilikuwa cha vyumba vitatu na benchi la nje. Daktari alikata mtandio, akatazama zile fito zilizochongwa vizuri na kupigwa msasa, akasema hajapata kuona mguu umefungwa nadhifu namna ile. Mzee alitiwa dripu na mguu ukawekwa kwenye plasta. Binti yake, aliyepigiwa simu na daktari, alikuwa njiani anakuja na mtoto.

Simu ya Fundi ilipopata mtandao ililia yenyewe. Alikuwa mumewe, na sauti yake ilijaa chumba kizima.

"Wifi yako kaniambia! Si nilisema? Si nilisema mimi? Pikipiki imefungwa sebuleni, unampandisha Baba juu yake! Ningekuwa nyumbani ingekwenda kwa fundi wa kweli, leo hii mguu wa mzee usinge…"

Fundi alifungua mdomo. Jibu lilikuwepo, fupi na la kweli, lakini lilikuwa la kumwaibisha mkwe mbele ya mwanawe, na mazoea ya miezi miwili yakamfunga ulimi tena. 

Mzee alinyoosha mkono wenye dripu. "Nipe."

Aliiweka simu mbele ya mdomo, kwa mbali kidogo, kama wazee wanavyofanya.

"Mwanangu, nisikilize na usinikatize. Pikipiki nimeiharibu mimi. Nilitoboa waya kwa skrubu, mkeo akaniuliza, nikamficha. Akaniokoa hivyo hivyo. Ametafuta kosa kwa balbu, ametengeneza fyuzi kwa uzi wa shaba, amenibeba mgongoni kilomita arobaini na tano. Mimi nimekaa na mafundi maisha yangu yote, kwa hiyo usinifundishe fundi wa kweli ni nani. Haya, sasa zungumza naye."

Alimrudishia Fundi simu. Upande wa pili sauti ilirudi, ndogo.

"Fundi. Nisamehe."

Fundi alikaa ukingoni mwa kitanda, karibu kabisa na baba mkwe wake, machozi yanamshuka mpaka kidevuni na wala hayafuti. Akabonyeza spika.

"Rudia kwa sauti," alisema. "Baba hajasikia."